Batu Caves na daraja la msituni Kuala Lumpur kwa siku moja: mwongozo kwa anayekwenda mara ya kwanza

Kila ndugu anayefika Kuala Lumpur, awe mwanafunzi mpya, mfanyabiashara aliyefuata mzigo au mtu aliyemsindikiza mgonjwa, akipata siku moja ya mapumziko huuliza yale yale. Mapango yako wapi? Ngazi ni ngapi? Nivae nini? Kima wanauma? Na lile daraja la juu ya miti liko huko huko au kwingine? Kujibu kwa vipande vipande kumechosha, kwa hiyo haya hapa yote kwa pamoja.

Ni sehemu mbili tofauti. Mahekalu ya mapangoni yako Batu Caves, upande wa Gombak, kilomita 13 hivi kaskazini ya katikati ya jiji. Daraja la kupita katikati ya vilele vya miti liko Bukit Nanas, msitu mdogo uliobaki katikati ya maghorofa, chini ya mnara wa Menara KL. Zote mbili zinaingia kwenye siku moja bila haraka, ila kwa sharti: mapango kwanza, tena asubuhi sana. Ukigeuza mpangilio utapanda ngazi 272 jua likiwa la utosi. Ukichelewa kuanza, daraja utalikuta na mvua ya alasiri, na mvua ikishuka na radi daraja hufungwa.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Saa 1 asubuhi ndiyo 07:00 ya kwenye tiketi na simu.

Machache ya kujua kuhusu mahali penyewe

Batu Caves ni kilima cha mawe ya chokaa kilichotobolewa na maji. Wachina waliolima mboga karibu na hapo walikuwa wakichota samadi ya popo mapangoni, kabla mfanyabiashara wa Kitamil, K. Thamboosamy Pillai, hajaanzisha hekalu la Murugan, mungu wa Wahindu, mwishoni mwa karne ya 19. Thaipusam, sikukuu ya Wahindu ya kumwadhimisha Murugan, imekuwa ikifanyika pale tangu 1892. Sanamu ya Murugan ya rangi ya dhahabu unayoiona kwenye picha zote ina urefu wa mita 42.7 na ilizinduliwa 2006. Zile rangi za ngazi ni za juzi tu, zilipakwa 2018. Bukit Nanas ni hifadhi ya msitu tangu 1906, haifiki hekta 10, na daraja lake lina urefu wa mita 200 hivi. Basi, darasa limeisha.

Vya kuwa navyo kabla ya kutoka

- Kadi ya Touch 'n Go yenye salio. Hiyo moja inakufungulia geti la Komuter (treni ya kwenda vitongojini), LRT (treni nyepesi ya jijini) na monoreli. Huuzwa na kujazwa vituoni, ila foleni ya asubuhi si ya kuichezea. Jaza jana yake.
- Noti ndogo ndogo za ringgit na sarafu kwa choo, kutunziwa viatu, dafu na kukodi nguo. Usitegemee kadi ya benki huko chini ya ngazi.
- Suruali au sketi inayofunika magoti, na shati lenye mikono. Hili linawahusu wanaume pia.
- Kanga au kikoi. Ukivaa vibaya unajifunga, ukitoka jasho unajifuta, mvua ikikukuta unajitanda, mtoto akilala unamfunika. Langoni wapo wanaokodisha vipande vya nguo kwa waliokuja na kaptura, lakini kwa nini ulipie wakati sanduku lako limejaa kanga?
- Viatu vya kufunika vidole, vyenye soli inayoshika, na rahisi kuvua. Ndala ziache nyumbani.
- Begi la mgongoni lenye zipu. Si mfuko wa plastiki wala mkoba wa wazi. Sababu yake utaiona ukifika.
- Maji lita moja na nusu kwa kila mtu, ndani ya begi.
- Dawa ya kupaka ya mbu. Homa ya dengue ipo Malaysia, na mbu wake huuma mchana. Watu wa Dar es Salaam hili hawahitaji kuhubiriwa.
- Mwavuli mdogo au koti la mvua.

Suala la dini huulizwa kwa sauti ya chini, kwa hiyo nalisema wazi: hekalu linampokea mgeni wa dini yoyote na hakuna anayekulazimisha kushiriki ibada. Hijabu si tatizo hata kidogo, utaziona nyingi pale. Kuingia au kutoingia sehemu ya ibada yenyewe ni uamuzi wako. Pango lenyewe ni kubwa, unaweza kulitazama bila kukaribia madhabahu.

Hatua kwa hatua

1. Usiku wa kuamkia safari, hakikisha daraja liko wazi. Jina rasmi la msitu wa Bukit Nanas ni KL Forest Eco Park. Tafuta kwa jina hilo uone saa za kufungua na kiingilio cha siku hizo. Daraja huweza kufungwa kwa matengenezo au baada ya mti kuanguka. Mgeni hulipa zaidi ya raia, usishangae dirishani. Miongozo ya zamani inayosema kuingia ni bure ilishapitwa na wakati.

2. Fika kituo cha KL Sentral kabla ya saa 1 asubuhi. Nje bado kutakuwa na giza. Saa ya Malaysia imesogezwa mbele, kwa hiyo jua huchomoza saa 1 hivi au baadaye, si mapema kama tulivyozoea. Wengi hutazama dirishani, wanaona giza, wanarudi kulala. Wakiamka ni saa 3 na siku imeshaharibika.

3. Panda treni ya KTM Komuter inayoandikwa Batu Caves. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kuna njia mbili za Komuter zinazotumia reli moja katikati ya jiji, moja ya kwenda Batu Caves, nyingine ya kwenda Tanjung Malim. Huachana baada ya kituo cha Putra. Soma ubao wa jukwaa, kisha soma maandishi ya kwenye treni yenyewe, ndipo upande. Nauli ya kwenda haifiki ringgit 5. Treni hizi si kama LRT inayopita kila dakika chache: ukikosa moja unaweza kusubiri nusu saa au zaidi.

   Wanaume, angalieni mabehewa ya katikati yenye alama za rangi ya waridi. Ni ya wanawake peke yao. Hakuna atakayekupiga, ila macho ya abiria yatakutosha.

4. Shuka kituo cha mwisho. Huwezi kukipita, reli imeishia hapo. Ukitoka tu utakutana na sanamu kubwa ya kijani ya Hanuman, mungu wa Kihindu mwenye umbo la nyani, mita 15 hivi. Hilo si hekalu kuu. Hapo ni Pango la Ramayana, lenye kiingilio chake, na unaweza kuliacha kwa baadaye. Endelea kutembea ukilifuata jabali dakika chache hadi uwanja wenye njiwa wengi na sanamu ya dhahabu.

5. Jiandae pale chini, usijiandae juu. Nenda choo. Kunywa maji ya kutosha, kisha rudisha chupa begini na ufunge zipu. Miwani ya jua, kofia, shada la maua, ndizi, soda, kila kitu ndani. Kama umenunua dafu, limalize ukiwa chini.

   Kima wa hapa wamekaa na watu muda mrefu na hawaogopi chochote. Wanaijua sauti ya mfuko wa plastiki. Atashuka mmoja kwenye ukingo wa ngazi, taratibu, kama hana habari na wewe, anyakue chupa, aruke juu ya ukuta, aing'ate chini mpaka itoboke, ainue na kunywa huku anakutazama. Kanuni ni nne na hazina mjadala: usishike chakula mkononi, usiwalishe, usiwakazie macho wala kuwachekea kwa kuonyesha meno (kwao huo ni ugomvi), na akishika kitu chako, mwachie. Chupa ya soda hununuliwa, kidole hakinunuliwi.

6. Panda. Ngazi 272 ni takriban jengo la ghorofa kumi na tano, kwa mtu mwenye afya ya kawaida ni dakika kumi hadi ishirini. Ugumu wake si idadi. Ngazi ni kali na nafasi ya kukanyagia ni nyembamba, mtu mwenye mguu mkubwa anakanyaga nusu. Shika chuma cha pembeni. Pumzika kwenye vituo vya katikati, si katikati ya njia ambako wengine wanapita. Mtoto ashikwe mkono muda wote. Picha pigia ukiwa umesimama: nimeona watu wakishuka kinyumenyume wakijipiga picha, na sijui kwa nini bado wana meno.

   Hakuna kiingilio cha kupanda hadi pango kuu. Anayekudai tiketi ya ngazi anakutania.

7. Ndani ya pango. Ukivuka mdomo wa pango, joto linapungua ghafla na maji yanakudondokea kutoka kwenye dari iliyo juu sana, kiasi cha mita 100 mahali pengine. Sakafu ni mbichi, tembea polepole. Mbele kuna ngazi nyingine fupi zinazopanda hadi sehemu ya nyuma iliyo wazi kwa juu, ambako mwanga unashuka kwenye kuta zilizoota majani. Wengi wanaishia ukumbi wa kwanza na kurudi. Usifanye hivyo, sehemu ya nyuma ndiyo nzuri kuliko zote, na ukiwahi unaweza kuipata karibu tupu.

   Unapokaribia hekalu dogo lolote, vua viatu pale wengine walipovua. Usivuke kizuizi cha madhabahu. Usimpige picha mtu anayeomba kabla ya kumwomba ruhusa. Ibada ikianza, ngoma na filimbi zikalia, sogea pembeni utazame. Ni bahati kuikuta.

   Pango la Giza, lile la kuingia na tochi kutazama popo na buibui wa mlango wa mtego, lilifungwa 2019. Miongozo mingi mtandaoni bado inalisifia. Usipange safari kwa ajili yake.

8. Shuka kabla ya saa 4, kisha kula. Kushuka kunaumiza magoti kuliko kupanda. Geuza mguu kidogo upande ili ukanyage kwa unyayo wote. Migahawa iliyo karibu na uwanja mingi ni ya Wahindi wa Kusini na haipiki nyama kabisa, kwa hiyo mwenye wasiwasi wa halali atakula kwa amani. Agiza dosai (chapati nyembamba ya mchele na dengu) au wali wa kwenye jani la mgomba, na chai ya maziwa. Chai huja tamu kupita kiasi. Ukitaka sukari kidogo sema mapema.

9. Nenda Bukit Nanas. Njia ya bei nafuu: rudi kwa Komuter hadi KL Sentral, panda LRT ya Kelana Jaya vituo viwili hadi Masjid Jamek, kisha tembea dakika kumi hadi kumi na tano kuelekea Jalan Raja Chulan, kwenye lango la msitu. Njia ya haraka: ita gari la Grab, teksi ya kuitwa kwa programu ya simu. Mkiwa watatu au wanne mkagawana nauli, Grab haina maumivu, na inakushusha mlangoni. Mimi na familia huchagua Grab, nikiwa peke yangu treni.

   Lengo ni kuwa langoni saa 5 au muda mfupi baadaye.

10. Pita daraja. Lipa, jaza jina kama wanaandikisha, fuata vibao. Daraja si moja refu. Ni vipande vinavyoning'inia kati ya minara, vingine vimelala, vingine vinapanda kama ngazi. Linatikisika, ndivyo lilivyoundwa.

    - Acheni nafasi baina yenu. Watu wanne wakitembea kwa mguu mmoja kama gwaride, daraja linaanza kubembea. Vunjeni hatua, litatulia.
    - Mwoga wa kimo asitazame chini. Tazama mnara ulio mbele, shika kamba pande zote mbili, hesabu hatua.
    - Simu iwe na kamba au ibaki mfukoni mpaka ufike mnarani. Ikianguka kule, imekwenda.
    - Usirukeruke ili kumtisha mwenzako. Kila kundi lina mjinga mmoja wa hivyo, mwambieni kabla hajaanza.

    Simama kwenye minara utazame. Upande mmoja unaona majani tupu na ndege, ukigeuka unaona vioo vya maghorofa. Karibu na Menara KL umo mti wa jelutong wenye umri wa zaidi ya miaka 100. Wakati mnara huo, uliofunguliwa 1996, ulipokuwa ukijengwa, ukuta wa kuzuia udongo ulipindishwa ili mti usikatwe, kwa gharama ya ringgit 430,000. Utomvu wa jelutong ndio uliokuwa ukitengenezewa chingamu.

11. Toka juu au rudi chini. Unaweza kutokea upande wa mnara, kama unataka kupanda Menara KL (mita 421, tiketi nyingine), au kurudi Jalan Raja Chulan. Anayetaka kuswali Adhuhuri ashuke hadi Masjid Jamek, msikiti wa 1909 ulio kwenye makutano ya mito Klang na Gombak. Ukitoka hapo mvua inaweza kunyesha itakavyo.

Kama ulishawahi kwenda Bukit Nanas, au una gari

Badilisha daraja kwa FRIM, taasisi ya utafiti wa misitu iliyoko Kepong, mwendo mfupi wa gari kutoka Batu Caves. Kwa maoni yangu huu ndio msitu mzuri zaidi, na cha ajabu ni kwamba ulipandwa na watu. Ardhi ilikuwa imechimbwa madini ya bati na kulimwa mboga, wakaanza kuotesha miti miaka ya 1920, na mwaka 2025 UNESCO ikauingiza kwenye Urithi wa Dunia. Tafuta miti ya kapur kisha inua kichwa: vilele vyake havigusani, kila mti umeacha ufa wa anga kati yake na jirani.

Daraja la sasa la FRIM ni la chuma na linaitwa Forest Skywalk. Lile la kamba lililoko kwenye picha nyingi za zamani lilishafungwa. Tiketi ya Skywalk ishughulikie kabla ya siku ya safari, usiende kubahatisha, na hakikisha siku uliyochagua si ya mapumziko yao. Bila gari, tumia Grab kwenda, na agiza ya kurudi ukiwa karibu na lango kuu.

Mambo yakikwama

*Treni imepita vituo usivyovijua na sasa unaona Kepong.* Umepanda ya Tanjung Malim. Shuka, vuka jukwaa, rudi hadi Putra, usubiri ya Batu Caves. Ukiona muda umekwenda sana, toka nje uite Grab: hapo ulipo si mbali na mapango kwa barabara.

*Geti linakataa kadi.* Mara nyingi salio limeshuka chini ya kiwango. Nenda dirishani, ongeza. Kama kadi haikusomwa wakati wa kuingia, mwambie mhudumu ulikotoka, ataifungua. Usiruke geti.

*Kima amekuuma au kukuparura.* Usingoje kurudi hotelini. Osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo useme ni kima. Daktari ataamua kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa na pepopunda. Hata mchubuko mdogo uonyeshe.

*Umezuiwa langoni kwa mavazi.* Toa kanga. Kama huna, kodi hapo hapo. Kubishana na mlinzi hakujawahi kumfikisha mtu juu.

*Umefika na watu ni kama maji.* Tazama kalenda. Thaipusam huangukia Januari au Februari, mwezi ukiwa mpevu, na mamia ya maelfu ya watu hukusanyika pale, wengine wakibeba kavadi, mizigo ya nadhiri, zilizochomekwa mwilini. Ni jambo la kuona maishani, lakini si siku ya kupanga mapango na daraja pamoja. Jumapili na sikukuu za umma nazo hujaa. Jumanne au Jumatano asubuhi ndiyo siku.

*Mvua imeanza ukiwa njiani kwenda darajani.* Kaa Masjid Jamek au mgahawani, ngoja. Mvua za hapa huja kwa kishindo na nyingi huisha ndani ya saa moja au mbili. Mlango ukiwa na kibao cha TUTUP, pamefungwa, rudi kesho asubuhi. Aprili, Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya kuchukua tahadhari zaidi.

*Ngazi zimekushinda katikati, au mmekuja na mzee.* Asilazimishwe. Mshusheni taratibu, mmoja akitangulia mbele yake, mpeleke Pango la Ramayana karibu na kituo cha treni. Ndani kuna masanamu ya kisa chote cha Rama, shujaa wa utenzi wa Kihindu wa Ramayana, na taa za rangi, sehemu kubwa ni tambarare, na waliobaki juu watampitia wakielekea treni.